Jimi Hendrix: mkono ulitangulia, kisanduku kikafuata

Miezi michache iliyopita, kijana mmoja mpiga solo alifika studioni kwetu akiwa na vitu viwili kwenye begi. Cha kwanza kilikuwa kisanduku cha efekti za gitaa, cha mtumba, alichokinunua kwa fedha ya magunia matatu ya alizeti. Cha pili kilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Tulianza na kisanduku, maana ndicho alichokuja kutuonyesha.

Alichomeka gitaa, akabonyeza kwa mguu, na sauti ikabadilika. Mara ikawa nyororo, mara ikakwaruza, mara ikabembea kama maji ya ziwa. Ndani ya kisanduku kile mlikuwa na sauti zaidi ya mia moja. Tulipomwomba apige bila kisanduku, alicheka kwa aibu, akasema bila hicho hajiamini. Kisha akatuuliza swali: huyu Hendrix, ambaye jina lake halikosekani kila watu wanapozungumzia efekti za gitaa, ni nani hasa?

Tulimjibu kwa kifupi hewani, na baadhi yenu mkatuma ujumbe mkitaka habari kamili. Tunawaletea hapa maisha ya mtu huyo, aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita lakini sauti yake bado inaigwa na mashine hadi leo.

Mtoto wa ufagio

Alizaliwa Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani, tarehe 27 Novemba 1942. Mama yake, Lucille, alikuwa na umri wa miaka 17 tu, na baba yake, Al, alikuwa jeshini. Mtoto alipewa jina la Johnny Allen. Baba aliporudi kutoka vitani alimchukua, na mwaka 1946 akambadilisha jina kuwa James Marshall Hendrix.

Nyumba haikuwa na utulivu. Fedha zilikuwa haba, pombe ilikuwepo, na ugomvi haukwisha. Wazazi walitengana mwaka 1951, na baadhi ya wadogo zake walichukuliwa kulelewa na familia nyingine. Mama alifariki mwaka 1958, kijana akiwa na miaka 15.

Shuleni alikuwa akitembea na ufagio, akiushika kama gitaa. Mwaka 1957, alipokuwa akimsaidia baba yake kusafisha uwanja wa nyumba ya mtu, aliokota kwenye takataka ukulele, yaani kigitaa kidogo, kilichobaki na uzi mmoja. Kwa uzi huo mmoja akaanza kufuatisha nyimbo alizozisikia redioni. Mwaka uliofuata alipata gitaa la kawaida kwa dola 5, na mwaka 1959 baba yake akamnunulia gitaa la umeme.

Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na magitaa karibu yote yalitengenezwa kwa wa kulia. Alichofanya ni kulipindua gitaa juu chini, kisha akapanga nyuzi upya ili uzi mnene ubaki juu. Hivyo ndivyo alivyopiga kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na ndiyo maana pichani utaona vitufe vya gitaa lake viko upande wa juu badala ya chini.

Miaka ya kusimama nyuma

Akiwa na miaka 18 alikamatwa mara mbili ndani ya magari ya wizi. Akapewa kuchagua: jela au jeshi. Akachagua jeshi, na mwaka 1961 akapelekwa kwenye kikosi cha askari wa miamvuli kilichokuwa Fort Campbell, Kentucky. Huko alimwandikia baba yake amtumie gitaa lake. Askari mwenzake, Billy Cox, aliyejua kupiga besi, alimsikia akifanya mazoezi, na wawili hao wakawa marafiki wa maisha. Mwaka 1962 Hendrix aliondoka jeshini.

Kipindi kilichofuata huwa hakisimuliwi sana, lakini sisi tunaona ndicho muhimu kuliko vyote. Kwa takriban miaka minne alizunguka kwenye kumbi za Wamarekani weusi, hasa za kusini, akiwa mpiga gitaa wa kukodiwa. Mwaka 1964 alishinda shindano la wasanii chipukizi katika ukumbi wa Apollo, Harlem, na kupata dola 25. Akapiga na Isley Brothers. Akapiga na Little Richard, wakakorofishana, kwa sababu kijana wa nyuma alikuwa anavutia macho ya watu kuliko bosi wa mbele.

Kazi hiyo ilimfundisha rithimu. Mpiga gitaa wa kukodiwa hapewi nafasi ya kuonyesha ufundi wake usiku kucha. Anatakiwa ashike mdundo, ajue nyimbo nyingi, na afuate bendi. Wapenzi wa muziki wetu wa dansi wataelewa haraka: mpiga solo mzuri mara nyingi ni yule aliyewahi kukaa sana kwenye rithimu. Wakati huo Hendrix hakuwa na efekti za kumpamba. Alikuwa na gitaa, waya na amplifaya.

London, ndani ya miezi mitatu

Mwaka 1966 alikuwa New York, akipiga kwenye mkahawa mmoja mdogo. Hapo ndipo alipoonwa na Chas Chandler, Mwingereza aliyekuwa mpiga besi wa kundi la The Animals na aliyetaka sasa kuwa meneja. Chandler akamchukua. Tarehe 24 Septemba 1966 Hendrix alitua London, na jina lake likaanza kuandikwa Jimi.

Walitafutwa wenzake wawili, Noel Redding wa besi na Mitch Mitchell wa ngoma. Kufikia Desemba kundi hilo la watu watatu lilikuwa na wimbo sokoni, nao ukapanda hadi nafasi ya 6 Uingereza. Wapiga gitaa wakubwa wa London walikuja kumwangalia, wakatoka vichwa vimeinama.

Kati ya vijana wa London waliomhusudu alikuwemo mwanafunzi wa sanaa aliyekuwa akichora picha zake darasani. Kijana huyo alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, na baadaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury.

Visanduku vyenyewe vilifanya nini?

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo swali la kijana wetu lilipo.

Gitaa la umeme lina sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba, zimekaa chini ya nyuzi za chuma. Uzi ukitetemeka, umeme mdogo sana unazaliwa. Umeme huo unapita kwenye waya hadi kwenye amplifaya, unakuzwa, unatoka kwenye spika. Kisanduku cha efekti kinakaa katikati ya safari hiyo na kuubadilisha umeme kabla haujafika. Hendrix alitumia vichache tu.

Cha kwanza kiliitwa Fuzz Face, kisanduku cha mviringo kilichotengenezwa London kuanzia 1966. Kinaukuza umeme wa gitaa kupita kiasi mpaka vilele vya mawimbi yake vinakatwa. Umewahi kufungua redio ndogo hadi mwisho, sauti ikaanza kukwaruza? Ni jambo la namna hiyo, ila hapa limefanywa kwa makusudi na kwa kiasi.

Cha pili ni pedali ya wah-wah, iliyobuniwa California mwaka huohuo wa 1966. Ukiikanyaga mbele na nyuma, sauti inafunguka na kufumba kama mdomo wa mtu anayesema wa, wa.

Cha tatu kiliitwa Octavia. Alikitengeneza Roger Mayer, fundi kijana wa Kiingereza aliyekuwa akifanya utafiti wa sauti na mitetemo kwa ajili ya jeshi la majini. Kisanduku hiki kinaongeza sauti ya pili juu ya ile unayopiga, noti ileile lakini ya juu zaidi, kama mtoto anayeimba wimbo mmoja na baba yake. Kinasikika kwenye solo ya Purple Haze, wimbo wa mwaka 1967.

Cha nne, Uni-Vibe, kilitoka Japani. Ndani yake kuna taa ndogo inayowaka na kufifia, na vipande vinavyohisi mwanga vimeizunguka. Mwanga ukipanda na kushuka, sauti nayo inabembea.

Kitu cha tano hakikuwa kisanduku kabisa. Kila aliyehudhuria harusi au mkutano wa hadhara anajua: maikrofoni ikisogezwa karibu na spika, inapiga yowe na watu wanaziba masikio. Gitaa la umeme nalo hufanya hivyo. Mafundi mitambo kama sisi tunakimbia kulizima yowe hilo. Hendrix alilifuga. Kwa kusogea hatua moja mbele, kugeuza mwili, au kugusa uzi kwa kidole, aliweza kuliongoza likawa noti ndani ya wimbo.

Mambo hayo yote alikuwa akiyatawala kwa mkono. Fuzz Face ina tabia moja: ukipunguza sauti kwenye kitufe cha gitaa lenyewe, mkwaruzo unapungua na sauti inakuwa safi, bila kukigusa kisanduku. Hendrix alitumia hilo mfululizo. Kidole chake kidogo kingeweza kumpeleka kutoka mnong'ono hadi radi katikati ya wimbo mmoja, huku mguu uko kwenye wah-wah na bendi inaendelea.

Wimbo wa taifa bila maneno

Tarehe 18 Juni 1967 alirudi Marekani na kupiga kwenye tamasha la Monterey, California. Mwisho wa onyesho alilichoma moto gitaa lake jukwaani. Picha hiyo ndiyo inayokumbukwa, lakini sisi tungependa mkumbuke asubuhi nyingine.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 18 Agosti 1969, tamasha la Woodstock, jimbo la New York. Ratiba ilikuwa imechelewa mno, watu wengi walishaondoka, uwanja umejaa tope. Hendrix alipanda asubuhi akiwa wa mwisho. Katikati ya onyesho alianza kupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa peke yake. Kila alipofika kwenye sehemu zinazotaja makombora na mabomu, aliacha gitaa lipige yowe, linguruме, lishuke kama ndege inayoanguka, kisha akarudi kwenye wimbo palepale alipouacha.

Marekani wakati huo ilikuwa vitani Vietnam, na kikosi chake cha zamani cha miamvuli kilikuwa huko. Wapo waliokasirika na wapo waliolia. Hakutamka neno hata moja, na kila mmoja alielewa alichosikia.

Dola moja

Sasa tuje kwenye sehemu ya maisha yake ambayo haina mwanga wa jukwaa.

Oktoba 1965, kabla hajajulikana, Hendrix alisaini mkataba wa miaka mitatu na mtayarishaji mmoja wa New York. Alilipwa dola 1, na kuahidiwa asilimia 1 ya mauzo. Alikuwa na miaka 22, anahitaji kazi, na karatasi ilikuwa mbele yake. Alipoondoka kwenda London mwaka uliofuata, mkataba ule ulikuwa bado hai.

Alipopata umaarufu, karatasi ile iliibuka. Kesi zilifunguliwa Marekani na Uingereza. Nyimbo alizorekodi zamani akiwa mpiga gitaa wa nyuma zikaanza kuuzwa kwa jina lake kubwa. Kwa upande wa Marekani, suluhu ilimlazimu atoe albamu nzima kwa ajili ya kumaliza deni hilo. Albamu hiyo, Band of Gypsys, ilirekodiwa jukwaani New York siku ya mwaka mpya wa 1970, rafiki yake wa jeshini Billy Cox akiwa kwenye besi. Ina baadhi ya upigaji wake bora kabisa, nayo ilitolewa kulipia saini ya dola moja.

Nyumba yake mwenyewe

Hendrix alikuwa mtu wa kurudia kurekodi mara nyingi hadi aridhike, na studio za kukodi zinahesabu saa. Mwaka 1968 yeye na meneja wake walinunua klabu ya usiku iliyofungwa mjini New York, wakaamua kuigeuza studio. Fundi wake wa kurekodi, Eddie Kramer, mzaliwa wa Cape Town, Afrika Kusini, alishiriki kuipanga. Ujenzi ulichelewa, maji yalisumbua chini ya jengo, gharama zikapanda, wakalazimika kukopa kwa kampuni ya rekodi. Ili fedha ipatikane, Hendrix ilibidi aendelee na ziara akiwa amechoka.

Studio hiyo, Electric Lady, ilifunguliwa rasmi tarehe 26 Agosti 1970. Mara tu baada ya hapo alisafiri kwenda Ulaya kwa maonyesho. La mwisho lilikuwa tarehe 6 Septemba, kisiwa cha Fehmarn, Ujerumani.

Tarehe 18 Septemba 1970 alifariki London. Alikuwa amemeza vidonge vingi vya usingizi, akatapika akiwa hajitambui, na matapishi yakamziba pumzi. Alikuwa na miaka 27. Tangu atue London kwa mara ya kwanza hadi siku hiyo, miaka minne ilikuwa haijatimia. Zilibaki siku 6. Na tangu studio yake ifunguliwe zilikuwa zimepita siku 23.

Alizikwa Renton, karibu na Seattle. Hakuacha wosia. Baba yake, mtu aliyeishi kwa kutunza bustani za watu, alibaki mrithi wa kazi iliyokuwa mikononi mwa wanasheria na kampuni. Ilimchukua mpaka mwaka 1995, miaka 25, kupata haki za muziki wa mwanawe.

Kutoka kisanduku hadi namba

Kwa miongo mingi, mtu aliyetaka sauti kama ile alilazimika kutafuta vifaa vyenyewe, vizito na vya bei. Katika miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Mafundi walianza kutengeneza mashine zinazoiga. Mashine ya namna hii inaupima umeme wa gitaa makumi ya maelfu ya mara kwa kila sekunde na kuugeuza kuwa namba. Kisha programu inapiga hesabu: umeme huu ungepita kwenye Fuzz Face, kwenye amplifaya fulani, kwenye spika fulani, ungetoka vipi? Jibu linageuzwa kuwa sauti tena, haraka kiasi kwamba sikio halihisi kuchelewa. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ilitoa kifaa chekundu kiitwacho POD, chenye umbo la haragwe, na wapiga gitaa wengi wakaingia katika zama hizo. Leo hesabu hizo zinafanyika hata ndani ya simu.

Mashine hizi ni nzuri, hatuzibezi. Kijana wa kijijini anaweza kupata kwa magunia matatu ya alizeti kile ambacho zamani kingejaza gari. Lakini kwa muda mrefu mojawapo ya mambo yaliyowatesa watengenezaji ni ile tabia ya Fuzz Face kufuata kitufe cha gitaa na uzito wa mkono. Hata pale mashine inapoweza kuitikia, ni lazima kuwe na mkono wa kuitikiwa. Kisanduku kinaiga alichokuwa nacho Hendrix mwaka 1967. Uzi mmoja wa 1957 na miaka ya kusimama nyuma ya wengine havimo ndani.

Karatasi iliyokunjwa mara nne

Tulipomaliza kuzungumza, kijana alikunjua karatasi yake. Ulikuwa mkataba kutoka kwa mtu wa mjini aliyetaka kuirekodi bendi yao. Bendi ingelipwa mara moja tu, na nyimbo zote, hata zitakazotungwa baadaye, zingekuwa za mtu huyo bila kikomo cha muda. Alitakiwa asaini wiki ile.

Sisi si wanasheria. Tulimwambia asisaini kitu ambacho hajasomewa na mtu anayeelewa, akamwone msaidizi wa sheria wilayani, na aulize Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, jinsi ya kusajili nyimbo zao kwanza. Tunawaambia na ninyi wanamuziki mnaotusoma vivyo hivyo.

Alikwenda. Vipengele viwili vimekatwa kwa kalamu na karatasi imerudishwa mjini. Hadi tunaandika habari hii, yule mtu hajajibu.

Wiki iliyopita kijana alipita tena studioni. Safari hii alichomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, bila kisanduku, akapiga wimbo mzima. Alikosea mara mbili, na mara zote mbili alijisahihisha mwenyewe. Tumerekodi, na mtamsikia hewani.